MREJESHO: Kazi za mikono za viungo kwa watoto wa shule ya Jumapili, Tukuyu

Bwana asifiwe wapendwa. Mwezi uliopita niliomba mawazo: nina watoto 23, nilitaka somo la mafuta ya upako kwenye Kutoka 30, penye manemane na mdalasini, walishike kwa mikono na kulinusa.

Dada wa Iringa uliyesema manjano na magadi, Mungu akubariki sana. Tulikoroga manjano kwenye maji, wakachora kwa vijiti vyenye pamba. Michoro ilipokauka wakapitisha maji ya magadi juu yake, njano ikageuka nyekundu ya tofali palepale! Kabinti kamoja ka miaka mitano kalirudia mpaka karatasi ikatoboka.

Gundi ya uji wa ngano ilishika iliki na vipande vya mdalasini kwenye boksi vizuri kabisa. Ipikeni nzito.

Machungwa ya kuchomekwa karafuu ndiyo yalinishinda. Kutoboa kwanza kwa sindano ya mkeka kulisaidia, hakuna aliyeumia vidole. Ila mvua za Tukuyu mnazijua, nami niliyahifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko. Jumapili iliyofuata karibu yote yalikuwa na ukungu, watoto wakasikitika, nami niliumia. Mawili niliyoyaning'iniza juu ya jiko la kuni yamekauka, mpaka leo yananukia. Kwa hiyo yaning'inizeni siku ileile, penye joto na hewa. Awamu ijayo najaribu ndimu, ni ndogo, nadhani zitawahi kukauka.

Asanteni sana nyote.