Kesi ya Gerrard: alijitetea, au Liverpool ilimtetea?

Mleta mada: Wakuu, kila mchezaji akikamatwa kwa kupigana baa, kesi ya Steven Gerrard, aliyekuwa nahodha wa Liverpool, hurudishwa mezani na watu huigombania kishabiki. Tuweke mambo sawa kwanza.

Desemba 28, 2008 Liverpool iliichapa Newcastle 5-1 ugenini, Gerrard akatupia mawili. Usiku huo akaenda na washikaji zake kusherehekea kwenye baa ya Lounge Inn, Southport. Kulikuwa na jamaa ameshika kadi ya kuendeshea mashine ya muziki. Gerrard akaitaka abadilishe nyimbo, jamaa akagoma, maneno yakaanza. Baadaye rafiki mmoja wa Gerrard akamtia yule jamaa kiwiko cha uso, naye kwa kile kipigo akasogea upande wa Gerrard. Gerrard akamshushia ngumi tatu mfululizo. Kamera ya baa ilikuwa inarekodi.

Shtaka la kujeruhi liliondolewa mapema, likabaki la vurugu hadharani, ambalo kwa sheria yao ya 1986 linaweza kukufunga hadi miaka 3. Wenzake walioshtakiwa pamoja naye walikiri makosa. Yeye akakana: nilidhani ananivamia. Julai 24, 2009 juri (jopo la raia wanaoamua kama mtu ana hatia) ya mahakama ya Liverpool ikamwachia.

Mimi nasema aliachiwa kihalali. Leteni hoja.

Damu ya Bluu: Uhalali gani? Nahodha wa Liverpool anashtakiwa Liverpool, na Kenny Dalglish mwenyewe, gwiji wa klabu, anamtolea ushahidi wa tabia njema! Wenzake wote wanabeba hatia, yeye mwenye ngumi tatu kwenye video anarudi nyumbani kwa mkewe. Angekuwa fundi bomba wa Southport tungekuwa tunaongea mengine.

Mleta mada: Mkuu, na jina lako hilo, umesahau kwamba mji ule una Everton, timu ya bluu na mahasimu wa Liverpool? Uamuzi ulikuwa wa kauli moja, na ulichukua saa moja na ushee tu. Ukisema mji ulimbeba, nieleze watu wa Everton waliokuwemo, kama walikuwemo, walinyamazishwaje. Ushahidi wa tabia naye fundi bomba ana haki ya kuuleta, ila wake utatoka kwa bosi wake. Hapo nakubali jina lina uzito.

Msomi wa Kariakoo: Mnabishana kuhusu jezi, sheria mmeiacha. Uingereza mtu anayejitetea hupimwa kwa hali alivyoamini kuwa ipo, hata kama aliamini vibaya, mradi aliamini kwa dhati. Mahakama zao zilisema hivyo tangu miaka ya 80, na sheria ya 2008 ikaliandika. Tena si mshtakiwa anayethibitisha kwamba alijitetea. Upande wa mashtaka ndio unatakiwa kuonyesha hakujitetea, pasipo shaka. Sasa tazama: jamaa ameshapigwa kiwiko ambacho Gerrard anasema hakukiona, anachoona ni mtu anamjia. Jaribu kulivunja hilo bila kubakiza shaka.

Lakini mleta mada kuna kitu umekiruka. Sheria hiyohiyo inasema kosa la kudhani linalotokana na ulevi wa kujitakia halikusaidii. Watu walikuwa wanakunywa wakisherehekea. Kwangu hapo ndipo kesi ilipokuwa nyembamba.

Mama Wawili: Mimi si mwanasheria. Ngumi ya kwanza nimeielewa, umeshtuka. Ya pili tuseme mkono umeshaenda. Ya tatu ni ya nini?

Mleta mada: Dada yangu, zote zilipigwa ndani ya muda wa kufumba na kufumbua. Mahakama zao zilishakubali tangu 1971 kwamba mtu aliye ndani ya hatari hawezi kupima nguvu zake kwa mizani. Ila swali lako ni zuri kuliko la Damu ya Bluu, maana lina cha kujibiwa.

Damu ya Bluu: Langu halijibiki kwa sababu wamelifungia! Juri haitoi sababu, na wakati ule sheria ya 1981 ilikataza hata kuwauliza wajumbe walijadiliana nini chumbani. Huku kwetu wazee wa baraza walikuwa wanatoa maoni yao waziwazi mahakamani, na jaji anaandika kwa nini ameyafuata au ameyakataa. Unasoma hukumu, unaichambua. Pale unapewa maneno mawili, "hana hatia", uende nayo.

Mleta mada: Jaji Henry Globe aliyesikiliza ushahidi wote alisema uamuzi ule unaaminika.

Damu ya Bluu: Jaji alisikiliza ushahidi, chumbani hakuingia.

Msomi wa Kariakoo: Hapo Damu ya Bluu kapiga penyewe. Lakini ndugu, usiri huohuo unakuzuia na wewe kusema walipendelea. Ukitaka kesi ya staa ihamishiwe mji mwingine, sema hivyo na utaje utaipeleka wapi. Manchester, kwa mahasimu wao wengine?