Kipanya cha Amiga, Atari ST na Mac Plus: kipi bora?

Wakuu, habari za kazi. Nalinganisha vipanya vya gololi vya kompyuta za miaka ya 1980: Amiga 500, Atari 1040STF na Macintosh Plus. Cha Atari kinarukaruka kikienda kushoto na kulia, juu na chini hakina shida. Ndivyo kilivyoundwa au ni kibovu? Na kwa kuwa Amiga na Atari zote zina soketi ya pini 9, cha Amiga kitafanya kazi kwenye Atari?

Jibu 1
Mkuu, hapo usilaumu muundo. Vyote vitatu ndani ni kitu kimoja: gololi inazungusha rola mbili, na kila rola ina kigurudumu chenye matundu kinachokatakata mwanga. Upande mmoja tu ukisumbua, rola yake ni chafu. Toa gololi uone: katikati ya rola pana mkanda mweusi umegandamana. Ukwangue kwa kijiti cha meno. Kisu kitakwaruza rola na uchafu utarudi upesi. Malizia kwa pamba ya masikio na spiriti kidogo. Gololi ioshe kwa maji na sabuni tu, maana spiriti hukausha mpira ukaanza kuteleza.

Lakini mshale ukitetemeka palepale bila kusogea, huo ni waya. Pima wa pini 1 na wa pini 2 (kwenye Atari ndizo za kushoto na kulia) kwa multimita huku ukikunja kebo pale inapoingia kwenye kipanya. Hapo ndipo hukatika.

Jibu 2
Kuhusu soketi: volti 5 iko pini 7, ardhi (waya wa kurudisha umeme) pini 8, vitufe pini 6 na 9, kote sawa. Tofauti ni pini 1 na 4, zimebadilishana. Ukichomeka hivyohivyo mshale hautafuata mkono. Tengeneza kipande cha kebo cha kati, uvushe 1 kwenda 4 na 4 kwenda 1, usikate kebo ya asili.

Cha Mac Plus usikijaribu kabisa! Plagi inafanana, ila volti 5 yake ni pini 2, na kitufe kiko pini 7, palepale Amiga na Atari zinapotoa umeme. Na zima mashine kwanza kila unapochomeka: kitufe cha kushoto cha Amiga kinakwenda moja kwa moja kwenye chipu ya 8520, inayopokea ishara za nje, nayo huungua.

Jibu 3
Niongeze la ulinganisho. Amiga inahesabu mizunguko kwa saketi yake yenyewe, Atari inapitisha kwa prosesa ya kibodi, HD6301. Zote mbili zinakwenda laini kuliko kipanya cha siria (kinachotuma biti moja baada ya nyingine) cha PC za wakati ule: biti 1200 kwa sekunde, yaani taarifa kama 40 tu. Kwa kuchora nachagua Amiga. Vitufe vya Atari ni vigumu, na soketi ya 1040STF iko chini ya kibodi, kebo inakaa imepinda muda wote. Cha Mac kina kitufe kimoja tu, lakini programu zake ziliandikwa kwa kimoja, hukosi kitu.

Kitufe kikianza kubofya mara mbili chenyewe, swichi imechakaa. Badilisha swichi, usitupe kipanya.