Sifongo tatu, Penicillium ileile: kasoro iko wapi?

MwanaMaji
Wakuu, habari za kazi. Natafuta kampaundi mpya kwa kuvu zinazoishi ndani ya sifongo, wanyama wa baharini. Sifongo aina tatu zimesuuzwa kwa ethanoli 70%, zikakatwa na kupandwa kwenye agari ya kimea (jeli ya kuoteshea kuvu) yenye kloramfenikoli, dawa ya kuzuia bakteria, 0.2 g kwa lita. Siku ya tano kila sahani imejaa Penicillium, kuvu ya kijani. Ilipokuzwa kwenye wali siku 30, dondoo lililotolewa kwa kiyeyushi cha ethili asetati limetoka la kahawia, linanata kama asali, na kampaundi zote ni za zamani, zilizokwisha kujulikana. Nirekebishe nini?

Ukungu_Pwani
Mkuu, maji ya suuzo la mwisho uliyapanda? Chovya sifongo kwenye ethanoli sekunde 30 hadi 60, suuza mara tatu kwa maji ya bahari yaliyopita otoklevu (chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu), kisha panda mikrolita 100 za suuzo la tatu kwenye sahani yake. Humo nako kukiota kijani, kuvu hiyo ilikuwa juu ya ngozi. Acha na sahani moja wazi mezani muda wote unapokata, ikuonyeshe ya hewani.

Panda nyama ya ndani tu. Hata hivyo sifongo huchuja maji mchana na usiku, kwa hiyo spora za nchi kavu hunaswa mpaka ndani. Kuota peke yake si ushahidi kwamba kuvu inaishi humo.

Halafu kimea cha 15 g kwa lita ni karamu ya Penicillium. Shusha hadi 1.5 g, tumia maji ya bahari, subiri wiki nne hadi sita. Uzi mpya wa kuvu ukichomoza, hamisha ncha yake siku hiyohiyo.

BiKemia
Kunata huko ni mafuta ya mchele na ya kuvu yenyewe. Yeyusha dondoo kwenye methanoli 90%, tikisa na heksani ya ujazo uleule mara tatu. Mafuta yatapanda na heksani. Pika pia flaski moja bila kuvu, mchele 100 g kwa maji 100 mL, na kila kilele kinachoonekana humo kwenye grafu ya kipimo kiondoe kwenye hesabu. Ukiona m/z (uzito wa ioni kwa chaji, kwenye spektromita ya masi) 149 na 391, shuku kwanza ftalati, kemikali za kulainishia plastiki.

Ila Penicillium usiitupe, ndugu yangu. Kampaundi ya sorbisilaktoni A ilipatikana kwa Penicillium chrysogenum, kuvu ya kawaida kabisa, kutoka sifongo Ircinia fasciculata. Ibadilishie chakula: wali wenye chumvi ya bahari 3.5 g, mwingine bila chumvi, na mchuzi (chakula cha kuvu cha majimaji) usiotikiswa. Jeni nyingi za kutengeneza kampaundi hulala mpaka mazingira yabadilike.

MwanaMaji
Suuzo halikupandwa, na wali haukuwa na chumvi. Naanza na hayo mawili.