Papa alishikwa na moyo siku ya posho (Jumamosi), balitwambia tungoje kazi moja (Jumatatu). Naomba shauri

Mwana Katuba:
Bandugu jambo. Posho iliyopita magaribi papa alianza kusema kifua kinamufinya sawa vile mutu amemukalia, jasho ya baridi, mukono wa kushoto unauma, yeye mwenyewe njo alisema ni gazi ya tumbo tukamupa chai ya tangawizi masaa mawili yakaenda bule. Kufika hopitali, tunakuta dokta wa gardi (wa zamu) kijana sana, akamutundikia seromu akasema elektro ya moyo, ile mashini ya kupima vile moyo unapiga, iko mu biro ya dokta mukubwa, imefungwa, ufunguo iko naye, atakuja kazi moja. Papa ni muzima, Mungu alimuchunga, lakini kazi moja elektro ilionyesha kipande ya moyo ilishakufa. Sasa kila wikendi silali. Ikirudi tufanye nini?

Mama Infirmye:
Pole mwanangu. Elektro inapashwa kufanywa mu dakika 10 za kwanza, haiombe dokta wa moyo, hata mi muuguzi naifanya na dokta wa gardi anasoma. Mushipa wa moyo unazibwa na damu iliyoganda, na nyama inayokosa damu inaendelea kufa. Kuna dawa ya kuyeyusha ile damu, inatolewa mbele ya masaa 12, lakini ukifika mapema njo inaokoa mingi. Aspirini 300 miligramu atafune, asimeze nzima, kama hana alerji wala hatoke damu fashi yoyote. Na muende mbio, mambo ya tangawizi hapana.

Yaya wa Ruashi:
Hii shida ya wikendi haina kwetu tu. Mu 2007 kulitoka uchunguzi wa New Jersey kule Marekani, bagonjwa wa moyo balioingia wikendi, mu miaka 1999 mpaka 2002, balikufa 12.9 kwa 100 mu siku 30, ba siku za kazi 12.0. Ba wikendi balikuwa banafunguliwa mishipa ya moyo mara chache kupita ba siku za kazi, na walipoingiza ile mu hesabu, tofauti ya vifo ikawa ndogo sana. Kwa hiyo si siku yenyewe inaua, ni kazi yenye haifanyike.

Mwana Katuba:
Aksanti sana mama, aksanti yaya. Leo nimezunguka hopitali tatu na ulizo moja tu, siku ya Mungu usiku elektro iko wapi na ufunguo iko na nani. Mbili zilinijibu vizuri. Namba ya gardi yao nimeibandika pa mulango ya chumba ya papa, na aspirini iko pale chini.