MREJESHO: Bima kugoma kulipia operesheni ya mke wangu

Wakuu, wiki mbili zilizopita niliuliza kwa nini bima imegoma kulipia operesheni ya uzazi ya mke wangu ilhali kadi iko hai. Nawashukuru sana, hasa aliyeniambia niombe nakala ya fomu ya madai, ile ambayo hospitali huipeleka bima kuomba malipo. Nimeiona kwa macho yangu: kwenye msimbo (code) wa ugonjwa hospitali waliandika O80, yaani kujifungua kawaida. Kujifungua kwa operesheni ni O82. Tarakimu moja tu! Bima wakaona gharama za theta na nusukaputi kwa mama aliyejifungua kawaida, wakakataa kulipa. Dada wa dirisha la bima pale hospitali alirekebisha, daktari akasaini upya, madai yakarudishwa. Jana yamelipwa, na laki tatu nilizoweka dhamana nimerudishiwa. Mama na mtoto wazima, alhamdulillah.