Glock 19 ya kurekebisha nyumbani, au SIG P365 iachwe kama ilivyo?

Mwana Kamalondo
Ndugu zangu, salamu. Nina siku tisa za kuamua. Muuzaji mmoja ananiwekea bastola mbili mpaka mwisho wa mwezi: Glock 19 ya kizazi cha tano, iliyokwisha kutumika kidogo, na SIG P365 mpya. Ile ya kwanza ningeitengeneza mwenyewe mezani: kubadilisha vilengeo, kulainisha kifyatulio, na kuuchoma mshiko kwa chuma cha kulehemu ili usiteleze mkono ukitoka jasho. Ya pili ningeiacha ilivyo. Bei zinakaribiana. Ninyi mngechagua ipi?

Yaya wa Katuba
Mdogo wangu, umeuliza nusu ya swali. Bastola hiyo itakaa wapi? Kama ni hapa Lubumbashi, Kongo, habari za vilengeo zingoje kwanza, kwa sababu Amri-Sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inamtaka raia awe na kibali cha kumiliki silaha, na asiye nacho hatasaidiwa na mshiko uliochomwa vizuri. Pia hujasema unavaa nguo gani, mwili wako ukoje, wala kama umewahi kulenga shabaha.

Mwana Kamalondo
Samahani, Yaya. Ninaishi Phoenix, Arizona. Hapa nimekuja kwa matanga ya baba mdogo, na bastola haitavuka bahari. Kule, tangu 2010, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye sheria haimkatazi kumiliki silaha anaweza kuivaa chini ya nguo bila kibali. Mimi ni mwembamba, naendesha teksi usiku, na kwa joto la kule ninavaa shati jepesi tu. Shabaha nimekwenda mara nne.

Fundi wa Ruashi
Mara nne! Haya, sasa tunajua tunazungumza na nani. Nimeishi Marekani miaka tisa na nimevaa zote mbili. Glock 19 ikiwa na magazini (kile kibebea risasi) tupu ina uzito wa gramu 670 hivi. P365 ina kama 500, na ni nyembamba zaidi, jambo ambalo kiuno cha dereva kitalishukuru. Lakini mtutu wa P365 una milimita 79 dhidi ya 102, inaruka zaidi mkononi, na magazini yake ya kawaida inabeba risasi 10 wakati ile nyingine inabeba 15. Kwa anayejifunza, kubwa inasamehe makosa mengi.

Kuhusu kuchoma mshiko, fikiri vizuri. Katika Glock, mwili wa plastiki wenyewe ndio silaha kisheria, nao ndio wenye nambari ya utambulisho, kwa hiyo mkono ukiteleza na chuma cha moto, umeiharibu bastola. Katika P365, sehemu yenye nambari ni kile kitengo cha chuma kinachochomoka, na plastiki ya nje unaweza kununua nyingine kwa fedha kidogo. Anayependa kuchezea vitu nyumbani angenunua hiyo unayotaka kuiacha ilivyo.

Mzee wa Kipushi
Vijana, mnasifu plastiki. Browning Hi-Power, bastola ya chuma ya Herstal, Ubelgiji, ya mwaka 1935, ilibeba risasi 13 wakati bastola nyingi zilibeba saba au nane, na chuma chake hakihitaji kuchomwa na mtu.

Fundi wa Ruashi
Mzee, kwa heshima yote, hiyo ina karibu gramu 900, na wenye nayo ndio wa kwanza kuifungua: wanang'oa kile kizuizi kinachoizuia isifyatuke magazini ikiwa nje, ati kifyatulio kiwe laini.

Mzee wa Kipushi
Wanaong'oa ni wajinga. Kosa si la bastola.

Msafiri wa Kasumbalesa
Hapo kwenye kifyatulio nina la kusema. Nilipokuwa Marekani nilinunua kwenye intaneti pakiti ya springi laini, nikazibadilisha jikoni usiku mmoja, nikajiona fundi. Kifyatulio kikawa laini kama siagi. Risasi mia za kwanza zilikwenda vizuri, nikaanza kuivaa. Baada ya wiki tatu nilileta shabahani risasi za aina nyingine, za bei nafuu, zenye fataki ngumu, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Nikavuta: *tik*. Nikangoja kama tulivyofundishwa, mtutu ukielekea mbele, kisha nikaitoa ile risasi. Kwenye fataki kulikuwa na alama ndogo, kama mtu ameigusa kwa sindano ya cherehani. Katika risasi 50, saba zilifanya hivyo. Maana yake, wiki tatu nzima nilikuwa nimevaa kiunoni kitu ambacho kingeweza kunyamaza siku ya shida. Springi za kiwandani nilizirudisha usiku uleule.

Fundi wa Ruashi
Ulinunua springi mbaya. Zipo nzuri.

Msafiri wa Kasumbalesa
Huenda. Wewe uzijaribu.

Mama Bel-Air
Mnabishana juu ya springi, na hakuna aliyeuliza habari za ala, ule mfuko wa kuvalia bastola. Bastola hizi hazina kitufe cha usalama cha kidole gumba, isipokuwa P365 iliyoagizwa hivyo. Kwa hiyo ala ngumu inayofunika kifyatulio chote ndiyo ulinzi wako. Kamba ya jaketi ikiingia pamoja na bastola, kifyatulio kitavutwa bila kidole. Na je, nyumbani kuna watoto? Hilo pia hukusema.

Mwana Kamalondo
Wawili, Mama. Kasha la kufunga nimeshanunua. Vilengeo vya plastiki vya Glock bado nitavibadilisha, ila springi nimeziacha. Kuhusu uzito, jana nilifunga nusu kilo ya sukari kiunoni nikapanda teksi-basi mpaka Kenya, ile ya hapahapa Lubumbashi, na kurudi. Sikuumia.

Fundi wa Ruashi
Sukari hiyo haina risasi ndani. Kila moja ni kama gramu 12. Kwa Glock iliyojaa, funga gramu 850, kisha ukae saa sita.

Mwana Kamalondo
Kesho ninaongeza chumvi.