Tupeane uzoefu: kuhifadhi chakula nyumbani hapa Goma kisioze wala kuota ukungu

Mama wa Katindo
Jamani wa Goma, tukusanye hapa njia za kuhifadhi chakula cha kila siku. Kila mtu aandike kile anachokijua vizuri: kiasi, muda, na sababu ya kuharibika. Naanza na maharagi.

Wadudu wa maharagi wengi hutoka nayo shambani, wakiwa mayai au mabuu ndani ya punje. Ndiyo maana gunia huonekana safi siku ya kununua, na baada ya wiki tano au sita punje zimetobolewa na vumbi linamwagika chini. Dawa ni kuwanyima hewa. Tafuta bidoni (dumu la plastiki) ya lita 20, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, ikae juani mdomo wazi mpaka ikauke kabisa. Inaingia kilo 15 hivi. Jaza huku ukiitikisa punje zishuke, mpaka shingoni, weka kipande cha sasheti (mfuko wa plastiki) nene juu ya mdomo, kisha kaza kifuniko. Wadudu wenyewe watamaliza oksijeni iliyobaki, wafe. Bidoni iliyojaa nusu haifanyi kazi hiyo, na ile inayofunguliwa kila jioni pia haifanyi. Ya kupika wiki hii yakae kwenye chombo kingine.

Yawe makavu kwanza! Tia kiganja cha maharagi na vijiko viwili vya chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisha maharagi juani. Ukiyafungia na unyevu wake, wadudu watakufa lakini ukungu utayala.

Ndosho Juu
Asante Mama. Mimi ni unga wa mihogo. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi, na sakafu ya saruji asubuhi huwa na umande. Gunia likilazwa chini, unga wa juu unabaki mkavu na wa chini unashika mabonge. Liweke juu ya mbao, sentimita 10 kutoka chini, na lisiguse ukuta.

Kosa kubwa linafanyika mashineni. Unga unatoka ukiwa moto, mtu anafunga mfuko palepale, mvuke unabaki ndani. Ukifika nyumbani utandaze juu ya kitambaa safi mpaka upoe, ndipo ufunge. Mwenye nafasi anunue mihogo mikavu, asage ya wiki mbili tu. Vipande vinakaa kuliko unga.

Unga wenye ukungu wa kijani au mweusi usichekechwe ukaanikwa upya. Sumu inayotokana na ukungu, aflatoksini, haiondoki kwa jua wala kwa moto wa kusonga ugali. Karanga na mahindi ni vilevile: punje iliyosinyaa au kubadilika rangi itupwe. Kuku wasipewe pia, inawadhuru.

Mchuuzi wa Kituku
Mimi ni sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Wanavuliwa usiku kwa taa, alfajiri wako sokoni, na saa nne asubuhi tumbo limeanza kulegea. Usiwaache ndani ya sasheti iliyofungwa hata saa moja. Wa kukaanga leo waoshwe, wachujwe, wapikwe leo.

Wa kukausha: gramu 300 za chumvi ndani ya lita 3 za maji safi, waloweke dakika 15, wachuje, wapange juu ya wavu ulioinuliwa, tabaka moja tu, wageuzwe mara kwa mara. Jua zuri siku mbili au tatu. Wakati wa mvua wasiachwe nje usiku hata kama wamefunikwa. Sambaza amekauka anapovunjika kwa mlio; akipinda bado. Hifadhi kwenye kikapu au katoni, juu mahali pakavu karibu na jiko, na kila wiki mbili warudi juani masaa machache. Wale wadudu wenye manyoya hupenda samaki aliyeanza kuvuta unyevu.

Dada wa Himbi
Naomba kuuliza: viazi na vitunguu vinaweza kukaa kikapu kimoja?

Ndosho Juu
Hapana dada. Viazi vinatoa unyevu, vitunguu vinaoza. Vitunguu vininginizwe penye upepo. Viazi vikae gizani, na udongo wake, bila kuoshwa. Vikipigwa na mwanga vinageuka kijani na kuwa na sumu. Kilichogeuka kidogo, kata sehemu hiyo kwa kina. Kilichogeuka chote, au kilicho kichungu, tupa.

Fundi wa frigo, Majengo
Umeme ukikatika, usifungue. Frigo iliyofungwa hushika ubaridi masaa 4 hivi. Friza iliyojaa masaa 48, iliyojaa nusu masaa 24. Kwa hiyo nafasi tupu ya friza ijazwe chupa za maji, zisijae mpaka juu maana barafu hupanuka. Gandisha pia kikombe cha maji, halafu weka kijiwe juu ya barafu yake. Ukirudi ukakuta kijiwe kimezama chini, kila kitu kiliyeyuka kisha kikaganda tena, hata kama nyama inaonekana ngumu. Isipikwe.

Mama wa Katindo
Fundi, hilo la kijiwe ni zuri sana. Niongeze wali: usilale ndani ya sufuria jikoni. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemsha, na sumu yake haiondoki ukipasha asubuhi. Utandaze kwenye sahani pana, upoe ndani ya saa moja, uingie frigo, uliwe kesho. Asiye na frigo apike wa kutosha tu.

Sombe (majani ya mihogo) iliyotwangwa mbichi hubadilika haraka. Ichemshe siku hiyohiyo, saa nzima, sufuria wazi ili sumu ya majani itoke na mvuke. Ikipoa, kamua, tengeneza mabonge ya mlo mmoja mmoja, ndipo ugandishe.

Dada wa Himbi
Na jibini la Masisi? Linatoa jasho ndani ya sasheti.

Mchuuzi wa Kituku
Sasheti ndiyo inayoliharibu. Lifunge kwa kitambaa cha pamba kikavu, upande uliokatwa upakwe mafuta ya kula kidogo, ligeuzwe kila siku mbili. Ukungu ukitokea, kata sentimita 2 na nusu kuzunguka doa, kisu kisiguse ukungu wenyewe, na badilisha kitambaa.